Kabla ya Theluji, Kabla ya Masika

Theluji ikiacha kuanguka mjini Minneapolis, saa zinaanza kuhesabiwa. Mwenye nyumba ya familia moja au mbili ana saa 24 za kusafisha njia ya waenda kwa miguu inayopita mbele ya nyumba yake. Akizembea, jiji linaweza kutuma watu wake waifanye kazi hiyo, kisha likampelekea bili. Majengo makubwa ya kupangisha na maduka hupewa saa nne tu za mchana. Kwa Mkenya aliyehamia huko kutoka Kisii au Mombasa, na jimbo la Minnesota lina Wakenya wengi, sheria hii ndiyo somo la kwanza kwamba nyumba ya ughaibuni ina kalenda yake, na kalenda hiyo haimsubiri mtu atoke zamu ya usiku, alale, apumzike.

Sepetu ya theluji ndiyo inayoonekana. Kazi yenyewe huwa imeanza Oktoba.

Majani ya miti yanapopukutika, gata za paa huzolewa taka zote. Mpira wa kumwagilia bustani hutolewa kwenye bomba na kuwekwa ndani, koki ya ndani inayopeleka maji nje hufungwa, na bomba la nje huachwa wazi ili maji yaliyosalia yatoke. Wageni wengi huliona jambo hili dogo na kulipuuza. Lakini maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na bomba lililojaa halina pa kuuweka upanuzi huo isipokuwa kupasuka. Tena mpasuko haujulikani siku ya baridi yenyewe, kwa kuwa barafu huwa imeziba tundu. Hujulikana barafu inapoyeyuka, wakati maji yanapomwagika ndani ya ukuta na wenye nyumba wako kazini. Kwa sababu hiyohiyo, kanuni za ujenzi za Minnesota hutaka misingi ya nyumba kusini mwa jimbo, Minneapolis ikiwemo, ichimbwe kina cha inchi 42, yaani zaidi kidogo ya mita moja. Kaskazini ni inchi 60. Lengo ni msingi ukae chini ya udongo unaoganda, maana udongo ukiganda huinuka na kubeba nyumba pamoja nao.

Kisha huja zamu ya mashine ya kupasha nyumba joto. Fundi huikagua kabla baridi haijakaza, na mwenye nyumba hubadilisha chujio lake mara kadhaa katika msimu. Pamoja na hayo hukaguliwa kengele ya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hutoka pale moto unapowaka bila hewa ya kutosha. Sheria ya Minnesota inataka kengele hiyo iwepo ndani ya futi 10, kama mita tatu, kutoka kila chumba cha kulala. Wengi wamejizoesha kubadilisha betri siku saa za ukutani zinaposogezwa, Machi na Novemba, ili wasisahau.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu gesi hii si ngeni Afrika Mashariki. Ndiyo inayowaua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, katika baridi ya Juni na Julai kwenye nyanda za juu. Anayerudi likizo na sanduku lililojaa viatu na simu angefanya jambo la maana zaidi kama angeweka humo kengele moja ya betri kwa ajili ya wazazi wake, na akawaeleza wazi kwamba kengele haiondoi haja ya kulitoa jiko nje kabla ya kulala.

Baridi inapokolea, paa nalo lina ugonjwa wake. Theluji iliyolala juu ya paa kwa kawaida si hatari yenyewe. Mara nyingi hatari hutoka chini, pale joto la vyumbani linapopenya dari, likapanda hadi kwenye paa na kuyeyusha theluji kwa upande wa ndani. Maji hayo huteremka mpaka kwenye ukingo, ambako hakuna joto la nyumba, yakaganda tena. Siku baada ya siku hujengeka ukuta wa barafu ukingoni, na maji yanayofuata hukwama nyuma yake, yakarudi juu chini ya vigae vya lami na kudondoka sebuleni. Vile vijiti virefu vya barafu vinavyoning'inia kwenye paa, ambavyo mgeni hupiga navyo picha za kutuma nyumbani, mara nyingi ni dalili kwamba nyumba inavujisha joto. Tiba ya kudumu haiko juu ya paa. Iko darini: kuziba matundu yanayopitisha hewa ya joto na kutandika blanketi nene la nyuzi za kioo. Kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi hali ya hewa ikiwa nzuri, miezi kabla tatizo halijaonekana.

Isifikiriwe kwamba Wamarekani wote wamezaliwa na maarifa haya. Februari 2021 baridi kali ilishuka hadi Texas, jimbo lenye Waafrika Mashariki wengi katika miji ya Dallas na Houston. Umeme ulikatika katika mamilioni ya nyumba, mabomba yaliyopitishwa darini na kwenye kuta za nje yakapasuka, na zaidi ya watu 200 walikufa. Nyumba hizo zilijengwa na kutunzwa kwa ajili ya joto. Watu waliozoea msimu mmoja walikutana na mwingine ambao hawakuwa na ratiba yake.

Sasa nyumbani. Aliyekaa ughaibuni muda mrefu huwa mwepesi wa kusema kwamba Waswahili hawatunzi nyumba, wanajua kujenga tu. Kauli hiyo haina haki. Pwani ilikuwa na kalenda yake ya nyumba, na ilisomwa kwenye upepo. Kaskazi ikivuma na jua la Januari na Februari likiwaka, ndio wakati wa kupanda juu ya paa la makuti, kuyatoa yaliyooza na kufunga mapya kabla masika hayajaingia Machi. Paa la makuti ya viungo lililoezekwa vizuri, lenye mwinamo mkali unaoyatupa maji upesi, hukaa miaka kadhaa tu. Kila mwenye nyumba alijua kwamba zamu yake itafika, akawa anaweka makuti mapema.

Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zilikuwa na utaratibu wake pia. Kuta za mawe ya matumbawe hupigwa lipu ya chokaa na kupakwa chokaa tena na tena. Chokaa hupokea unyevu wakati wa mvua na kuuachia jua likitoka, hivyo ukuta hukauka. Tatizo lilikuja na saruji. Wengi waliona saruji ni imara zaidi, wakapiga lipu ya saruji juu ya matumbawe ili wasihangaike kila mara. Saruji ikazuia unyevu usitoke, chumvi ikaanza kumenya ukuta kutoka ndani, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani vikaoza bila kuonekana. Kwa macho ukuta ulionekana mpya.

UNESCO iliutambua Mji Mkongwe wa Zanzibar kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, na wa Lamu mwaka 2001. Heshima hiyo haizibi paa. Beit el-Ajaib, jumba la Zanzibar lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash, lilipoteza sehemu ya roshani zake mwaka 2012. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, mnara na sehemu kubwa ya mbele viliporomoka na kuua watu wawili. Jengo la ukubwa huo likifika mahali pa kuhitaji ukarabati mkubwa, hata kulikarabati kunakuwa na hatari.

Nyumba inayojengwa leo Mtwapa, Kigamboni au Kisii ni ya matofali na mabati, na inasifiwa kuwa haina kazi. Inazo. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari wa bati hukaushwa na jua ukapasuka, na hapo ndipo tone la kwanza hupita. Karibu na bahari chumvi hula bati haraka, na zaidi likiwa jembamba. Mnunuzi akumbuke kwamba geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, japo namba yake ni kubwa. Mchwa hupanda kimyakimya hadi kwenye kenchi. Msingi ulioachwa wazi huchimbwa na maji ya paa.

Na maji ya paa si kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50, jambo la kawaida katika siku moja ya masika mazito, humwaga lita 5,000. Gata ikiwa safi, hiyo ni simtanki nzima imejaa bure, baada ya kuyaacha maji ya kwanza yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Gata ikiwa imezibwa na majani ya mwembe, lita hizo 5,000 hufurika ukingoni, zikaozesha mbao zilizoishikilia gata na kushuka zote kwenye msingi. Yanayobaki humo hutuama, na mbu anayeambukiza dengi huhitaji kama wiki moja hadi siku kumi kutoka yai hadi kuruka. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kuzoa gata ni kazi ya asubuhi moja yenye ngazi na ndoo.

Kwa nini basi kazi ya asubuhi moja haifanyiki? Si uvivu. Marekani, nyumba nyingi hununuliwa kwa mkopo, mkopeshaji hudai bima, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa hasara iliyotokana na uzembe wa mwenye nyumba. Mpangaji naye ana sheria nyuma yake: Minnesota humlazimisha mwenye nyumba anayesimamia joto kudumisha nyuzi 20 za Selsiasi kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa Aprili. Nyumbani watu wengi hujenga kwa fedha taslimu, tofali kwa tofali, bila benki wala bima, kwa hiyo hakuna mtu wa nje anayeuliza gata ilisafishwa lini. Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa shule anaijua. Kinachokosekana ni tarehe.

Kuna pia suala la fundi. Huko ng'ambo saa moja ya fundi bomba ni ghali, kwa hiyo mwenye nyumba hujifunza kupanda ngazi mwenyewe, na akipanda huona. Nyumbani fundi yuko mtaa wa pili na bei yake inazungumzika, hivyo mwenye nyumba hapandi kamwe. Humwita fundi maji yanapodondoka, yaani Aprili, siku ambayo mtaa mzima unamwita fundi huyohuyo, bati limelowa na saruji haikauki. Kazi ya Februari hufanywa Aprili, kwa bei ya Aprili na ubora wa Aprili.

Linalouma zaidi ni nyumba ya mwanadiaspora mwenyewe. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na sehemu ya pesa hizo ilikuwa saruji, mabati na madirisha. Nyumba huisha, picha hutumwa, funguo hukabidhiwa binamu, na bajeti hufungwa siku hiyo. Mtu anayebadilisha chujio la mashine yake ya joto Minnesota bila kukosa hana hata shilingi moja iliyotengwa kwa paa lake la Mtwapa. Nyumba iliyofungwa huharibika haraka kuliko inayokaliwa, maana hakuna wa kufungua dirisha, hakuna wa kuona njia ya mchwa ukutani wala kusikia tone darini. Binamu naye hawezi kulaumiwa. Alipewa funguo, hakupewa ratiba, hakupewa pesa, na kila anapopiga simu kusema paa linavuja hudhaniwa anatafuta hela.

Dawa ni kumpa vyote viwili, ratiba na pesa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri kabla ya masika na kabla ya vuli, na hiyo inatosha kuwa kengele ya mwaka. Februari: gata, misumari ya paa, mitaro, simtanki ioshwe, na karo la choo linyonywe na gari badala ya kusubiri mafuriko yalibebe. Baada ya masika, Juni au Julai: rangi, mchwa, madirisha, nyufa zilizojitokeza. Septemba: gata tena, kabla ya vuli. Fundi alipwe kwa kukagua hata kama hakukuta kibaya, kama anavyolipwa yule wa Minneapolis.

Masika huanza Machi. Mwenye nyumba Mtwapa, Kigamboni au Kisii anayesoma haya akiwa Minneapolis, Dallas au Leeds, atume pesa ya gata Februari, na amwombe fundi picha iliyopigwa kutoka juu ya paa, si ile ya getini.