Kilichotolewa na Kilichobaki

Hapa kwetu Utemini, mjini Singida, mwanamke akijifungua watu huuliza kwanza, "Kapata mtoto gani?" Wifi yangu alipojifungua mtoto wake wa tatu, swali lilikuwa lingine: "Ni kweli wamemtoa kizazi?"

Ni kweli. Uzazi wake wa kwanza na wa pili ulikuwa wa kupasuliwa. Safari hii kondo la nyuma lilijishika juu ya kovu la zamani, likakataa kubanduka. Damu ikamwagika. Kaka yangu alitia sahihi huku mkono ukimtetemeka, nasi ndugu tukapanga foleni kutoa damu.

Upasuaji huo si mchezo. Mgonjwa huwa amekwisha kupoteza damu nyingi. Kibofu au mirija ya mkojo yaweza kujeruhiwa, na kidonda kuingia vijidudu. Lakini damu isiposimama kwa dawa wala kwa kushona, kuchelewa ndiko kunakoua. Mwaka 2017, utafiti wa wanawake wapatao 20,000 katika nchi 21 ulionyesha kuwa asidi ya traneksamiki, ikitolewa ndani ya saa 3, hupunguza vifo vya kutokwa na damu. Haikupunguza idadi ya wanaotolewa kizazi. Kisu bado kina kazi yake.

Kazi nyingine ilitusubiri nyumbani. Mama alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kaka atafute mke wa pili. Wengine walidai wifi atageuka mwanamume. Si kweli. Vifuko vyake vya mayai viliachwa. Kilichokoma ni hedhi na mimba. Ujana haukukoma, wala mapenzi.

Nilimwambia, "Mama, angekufa tungemlilia na kumwita mke mwema. Amepona, ndiyo tumwone pungufu?" Hakunijibu. Kaka ndiye aliyefunga mjadala: "Mimi nilioa mtu, Mama."

Mpenzi msomaji, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Kwa hiyo akina mama wengi zaidi wanarudi nyumbani, na baadhi yao wanarudi bila kizazi. Tuwapokee kama tunavyompokea mtu aliyetoka safari ya mbali: kwa pole na chakula, bila kumkagua mizigo.