Mtoto Yumo Katika Msafara Gani?



Wapendwa wasomaji wetu, tafakari ya juma hili haitatoka altareni bali chini ya mwembe. Jumamosi iliyopita tuliketi Berega, katika nchi ya milima ya Ukaguru, pamoja na wazazi wa watoto waliojiandikisha katika kundi la skauti. Mkutano ule ulipaswa kufanyika miezi kadhaa kabla. Haukufanyika, na kosa lilikuwa letu. Basi ni haki tulieleze kwanza kosa lenyewe, ndipo tueleze habari za skauti.

Mwezi wa sita, mwalimu anayewalea vijana hao alituomba ruhusa ya kupiga kambi ya usiku mmoja katika uwanja wa kigango. Tuliona ni jambo jema, tukakubali. Tukawaambia watoto wakawaarifu wazazi wao, tukadhani yamekwisha. Kumbe waliosahau walisahau, na walioogopa kukataliwa waliona heri kunyamaza. Saa nne za usiku, moto wa kambi ulipokuwa unafifia, tuliona mwanga wa kurunzi ukija kutoka upande wa mtoni. Alikuwa mama mmoja, khanga yake imelowa hadi magotini, amefuatana na kaka yake. Tangu magharibi alikuwa akimtafuta mwanawe wa miaka kumi na miwili: kwa jirani, kwa bibi yake, kisimani, na mwishowe kandokando ya mto.

Hakutugombeza. Alimshika mtoto mkono, akatutazama, akasema, "Baba Paroko, hata ng'ombe akihamishwa zizi, mwenyewe huambiwa." Akaondoka naye gizani. Tangu siku ile mtoto yule hakurudi kundini. Kila siku ya mazoezi alikuwa akisimama nje ya ua, akiwatazama wenzake wakifunga mafundo ya kamba.

Ndugu zangu, tunaijua habari ya Mtakatifu Luka, sura ya pili, jinsi Maria na Yosefu walivyotembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara. Mara nyingi tumehubiri habari ile tukikaza macho yetu kwa mtoto aliyebaki hekaluni. Usiku ule tulijifunza kuisoma kwa upande wa mama. Siku tatu za kutafuta si jambo dogo. Na swali la mama yule wa Nazareti kwa mwanawe, kwa nini umetutenda hivi, ni swali halali ambalo Injili haikuona aibu kuliandika.

Kwa hiyo tuliwaita wazazi. Na kwa kuwa tuko Ukaguru, ambako ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mpwa wake, tuliwaita wajomba pia. Walikuja Wakatoliki, na walikuja ndugu zetu Waanglikana, ambao Berega ni nyumbani kwao tangu enzi za wamisionari wao, na ambao hospitali yao imetutibu sisi sote bila kuuliza tunasali wapi. Walikuja Waislamu. Walikuja pia wazee wawili wa Kimasai, wakaketi pembeni kidogo, fimbo zao magotini.

Tulianza kwa kuomba radhi. Kisha tukaeleza.

Wengi wetu humjua skauti kuwa ni yule kijana mwenye skafu shingoni, anayepanga watu katika sherehe za taifa au wakati Mwenge unapopita. Hiyo ni sehemu tu. Skauti ilianza mwaka 1907, pale Robert Baden-Powell, mwanajeshi wa Uingereza, alipowachukua wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea, wengine watoto wa matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi. Akawagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake kijana. Mwaka uliofuata alitoa kitabu, na jambo hilo likaenea duniani kuliko alivyotazamia. Leo skauti ni zaidi ya milioni 50, na Tanzania ni mwanachama wa umoja wao wa dunia tangu mwaka 1963. Mzee huyo alimalizia maisha yake jirani na sisi, huko Nyeri, Kenya, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Juu ya kaburi lake imechorwa duara yenye nukta katikati. Kwa skauti anayefuata njia porini, alama hiyo humaanisha kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani.

Hapo mjomba mmoja aliinua mkono. "Padre, umesema mwanajeshi. Je, mnatufundishia watoto uaskari?"

Ni swali la haki. Tulimjibu kwamba sare, paredi na saluti vina asili yake huko, hatuwezi kuficha. Lakini skauti hafundishwi kupigana. Hufundishwa kuwasha moto na kuuzima, kusoma ramani, kumfunga bendeji aliyejikata, kupika, kukaa na wenzake bila ugomvi. Huahidi mambo matatu: kutimiza wajibu wake kwa Mungu na nchi yake, kuwasaidia watu, na kuitii sheria ya skauti. Wito wake ni maneno mawili tu: Uwe tayari. Tukawakumbusha wazee kwamba wazo la kumpeleka kijana kando ya nyumba akafundwe na watu wazima, wao wanalijua kuliko sisi. Jando lilikuwako kabla ya Brownsea. Tofauti ni kwamba katika skauti hakuna siri. Lolote linalofanyika kambini, mzazi anaweza kuja kuliona.

Mama mmoja wa Kiislamu akauliza kama mtoto wake atageuzwa dini. Tulijibu kwamba hapana, na kwamba hata sisi Wakatoliki tuliwahi kuwa na shaka ya namna hiyo. Mwanzoni wengi katika Kanisa waliitazama skauti kama jambo la Waingereza na Waprotestanti. Padre Jacques Sevin, Mjesuiti wa Ufaransa, alikwenda kujionea kwa macho yake, akarudi akiwa ameona mema, na mwaka 1920 akawa mmoja wa waanzilishi wa chama cha skauti Wakatoliki wa nchi yake. Mwaka 2012 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye kustahili heshima. Skauti humtaka kila mtoto ashike vema imani ya nyumbani kwake. Ijumaa mtoto wa Kiislamu aende msikitini, Jumapili wetu waje Misa.

Yakaja maswali ya maisha. Sare ni bei gani, nani atachunga mbuzi Jumamosi, je, wasichana nao watalala kambini? Tukakubaliana kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa kwa kukosa sare, skafu inatosha. Kwamba mazoezi yatakuwa alasiri, baada ya kazi za nyumbani. Kwamba wakati wa kupalilia na wa mavuno kundi litapumzika. Na kwamba wasichana watakuwa na mlezi mwanamke na mahali pao pa kulala, la sivyo hakuna kambi.

Swali gumu halikuulizwa kwa sauti. Tulilisoma machoni, tukaamua kulitaja sisi wenyewe. Wapendwa, si kila anayependa kukaa na watoto anawapenda watoto. Mwezi Februari 2020 chama kikubwa cha skauti cha Marekani kiliomba kinga ya mahakama ya ufilisi, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai kwamba walipokuwa wadogo walidhulumiwa kijinsia katika chama hicho. Nasi mapadre hatuna mdomo wa kuwasema wengine, maana aibu hiyo imo pia ndani ya Kanisa letu, na mara nyingi ilifunikwa na wale waliopaswa kuifunua. Kimya kilitanda chini ya mwembe. Baadhi ya akina mama waliinamisha vichwa.

Kwa sababu hiyo tuliweka masharti mbele ya wote, na tunayaandika hapa ili yatuhukumu tukiyavunja. Hakuna mtu mzima mmoja atakayekaa peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, awe mwalimu, awe katekista, awe padre. Kambi ya usiku itakuwa na walezi wasiopungua wawili, na miongoni mwao mzazi. Hakuna mtoto atakayetoka bila mzazi au mlezi wake kuja mwenyewe na kusema ndiyo. Na mtoto akisema jambo limemtisha, tutamsikiliza kwanza, tutapeleka habari kwa vyombo vya serikali, na hatutamwambia anyamaze kwa ajili ya heshima ya kundi.

Baada ya hapo mazungumzo yalilegea, kama kamba iliyokuwa imekazwa mno.

Mzee mmoja wa Kimasai ndiye aliyeuliza swali lililotufikisha mbali zaidi. Alitaka kujua kama mjukuu wake atawekwa kikundi kimoja na watoto wa wakulima. Hapa Kilosa swali hilo lina historia. Mwezi Desemba 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Watoto wa leo hawakuwa wamezaliwa, lakini hofu hurithiwa kama shamba. Tulimjibu, "Ndiyo, mzee wetu, kikundi kimoja, chungu kimoja, hema moja." Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba watu waliolala hema moja huona aya kuvuliana nguo mchana. Hatukuwa na la kuongeza.

Tena kuna mito. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulifurika mjini Kilosa, maelfu wakalala katika mahema. Januari 2014 mafuriko yalifika Dumila na Magole, yakaikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Mvua hizo zitarudi. Siku hiyo mtoto anayejua kufunga fundo lisilofunguka, anayejua kwamba maji ya magotini yanayokimbia humwangusha mtu mzima, anayejua kuwahesabu wadogo zake kabla ya kukimbilia mlimani, huyo ni mali ya kijiji kizima. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tungeongeza kwamba mwenye samaki awepo anapokunjwa.

Jua lilikuwa linashuka tulipofungua daftari. Wazazi walipanga foleni, mmoja mmoja, wengine wakitia sahihi, wengine wakiweka dole gumba. Mama yule wa usiku wa kambi alikuwa ameketi nyuma kabisa, hakuwa amesema neno. Mwanawe alikuwa amesimama kwenye ua, mahali pake pa siku zote. Tulimwona mama akiinuka, tukadhani anaondoka. Akaja mezani.

"Baba Paroko," alisema, "nimesikia kwamba kambi itakuwa na mzazi ndani yake. Mmeshapata huyo mzazi?"

Tukamwambia bado.

"Basi andikeni jina langu kwanza. Halafu andikeni la mtoto."

Tukaandika kwa mpangilio huo, na daftari lipo hivyo hadi leo: mama mstari wa kwanza, mtoto mstari wa pili. Mtoto hakungoja kuitwa. Aliruka ua, jambo ambalo skauti hapaswi kulifanya palipo na lango, akakimbilia kwa wenzake.

Wapendwa wazazi mnaotusoma, mahali popote mlipo pana kundi la namna fulani linalomtaka mtoto wenu: skauti, kwaya, Utoto Mtakatifu, timu ya mpira. Msiwakataze kwa hofu tupu, wala msiwaachie kwa uvivu. Nendeni mkaulize. Ulizeni hata kama anayejibu ni padre. Na nyinyi walezi wenzetu, msiyaone maswali ya mzazi kuwa ni dharau. Mzazi anayeuliza ametuokolea safari ya kumtafuta mtoto usiku.

Katika Injili ile, baada ya siku tatu, mtoto alirudi nao Nazareti, akawa chini ya utii wao, akaendelea kukua katika hekima na kimo. Tunaona kwamba kukua huko kulikuja baada ya wazazi kumjua aliko. Juma lijalo tutawapeleka vijana kando ya mto, mchana, na mama mmoja atakuwa mbele ya msafara. Tuwaombee.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina.