Msaada Usiomjibu Muulizaji

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hata hivyo, muulizaji hufaidika tu iwapo anayeulizwa anaielewa lugha ya swali. Ukweli huu humkabili mwanafunzi anayeendesha hifadhidata kwa kuchapa amri, pasipo vitufe wala picha za kubofya.

Chukua mfano wa psql, programu inayoandamana na PostgreSQL. Mwanafunzi anataka kuongeza safu katika jedwali. Akichapa \h na kufuatisha neno column, huambiwa kuwa hakuna msaada. Msaada upo, ila umewekwa chini ya ALTER TABLE, jina ambalo lau angelijua, pengine asingeuliza. Mwaka 2019, toleo la 12 liliongeza anwani ya ukurasa wa mwongozo chini ya maelezo ya kila amri. Hatua hiyo ni ya kusifiwa, lakini humfaa yule aliyekwisha kulipata jina.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu adha hii. Anayelitafuta neno "aliyemwendea" katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu hana budi kulivua viambishi hadi afikie "enda". Kamusi haina lawama, kwa kuwa sarufi humpa njia. Hakuna kanuni ya sarufi impelekayo mtu kutoka "safu" hadi ALTER TABLE.

Juhudi zipo. Amri ya HELP katika MySQL hutafuta mada pamoja na maneno elekezi yaliyohifadhiwa katika majedwali maalumu, na hukubali alama ya % mahali pa herufi zisizojulikana. Kinachohitajika zaidi ni faharasa ya shughuli: ongeza, nakili, hamisha, rejesha, kila kitenzi kikiwa na visawe vyake na amri zinazohusika.

Jambo hili si dogo. Asiyejibiwa huomba amri kwa mwenzake na kuichapa bila kuielewa. DROP TABLE hufuta jedwali zima, na pasipo nakala ya akiba, kazi ya miezi huweza kupotea kwa sekunde moja.

Kuunda faharasa kama hiyo si kazi ya wahandisi wa tarakilishi peke yao. Kukusanya visawe, kutenga maana na kubashiri neno litakalomjia msomaji kwanza ni ujuzi wa mwanaleksikografia. Basi wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi katika uwanja huu, na wasingoje kualikwa.