Akiba Haiozi?

Wahenga walisema akiba haiozi. Tangu nikabidhiwe hifadhidata ya msamiati wa chama chetu, nimeona kwamba akiba ya kompyuta huweza kuoza siku ile ile inapowekwa.

Wenzangu mnaijua kazi yetu: mtu anaandika neno la kwao, anataja aliyelisema, kisha anaweka sauti yake. Humo mna sauti za bibi na babu ambao hatutawasikia tena. Na haina saa ya kulala. Sisi hapa Uingereza tukiwa usingizini, Muscat kumekucha na mtu anaandika.

Hifadhidata hiyo inaendeshwa kwa MySQL, na majedwali yake hayatunzwi kwa namna moja. Jedwali la maneno ni la zamani, la MyISAM. Ya wasemaji na ya sauti ni ya InnoDB. Nakala ya kila usiku ilichukuliwa kwa mysqldump yenye agizo la --single-transaction. Agizo hilo hupiga picha ya majedwali ya InnoDB kama yalivyo mwanzoni. Kinachoandikwa baadaye hakimo. MyISAM haijui miamala, kwa hiyo jedwali lake husomwa lilivyo zamu yake inapofika.

Nilipoirejesha nakala moja kwenye kompyuta yangu kwa majaribio, nilikuta maneno matatu yasiyo na msemaji wala sauti. Yaliandikwa wakati kunakili kunaendelea. Hapakuwa na onyo lolote. Seva ingekufa siku hiyo, maneno hayo yangebaki mayatima.

Kwanza tulifunga majedwali yote wakati wa kunakili: kusoma ruhusa, kuandika subiri. Ndugu zetu wa Muscat walinung'unika, na walikuwa na haki. Kisha tukaligeuza jedwali la maneno kuwa la InnoDB. Lilikuwa limebakizwa MyISAM kwa ajili ya kutafuta ndani ya matini, jambo ambalo InnoDB haikuliweza hadi toleo la 5.6 la mwaka 2013. Tukapata na faida: kwa mpangilio wa kawaida, utafutaji wa MyISAM huruka maneno yenye herufi pungufu ya nne, ila InnoDB huanzia tatu. Sasa ukitafuta "mto", unaupata.

Ukikabidhiwa hifadhidata, uliza kila jedwali linatunzwa kwa injini gani, kisha irejeshe nakala kabla hujaihitaji. Mimi hufanya hivyo kila mwezi: nahesabu maneno, nahesabu sauti, halafu nachagua moja na kuisikiliza hadi mwisho.