Safari ya Gazi: Mji Ulioupanda Msitu Wake

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Vanga huvuka maji Likoni, akapita Ukunda na njia iendayo Diani kwenye mahoteli, kisha hukaza mwendo kuelekea Msambweni. Wengi hawasimami njiani. Mimi nami nilikuwa mmoja wao, hata siku moja nikashuka penye njia ya Gazi, kama kilomita 50 kutoka Mombasa, nikaingia kwa miguu chini ya minazi.

Gazi ni mji mdogo wenye jina kubwa. Wamazrui waliposhindwa na Seyyid Said huko Mombasa mwaka 1837, baadhi yao walikwenda Takaungu, na wengine wakaja kukaa hapa. Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana na Waingereza mwaka 1895. Ngome yake ya Mwele ikatekwa mwezi wa Agosti, na mwaka 1896 akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wadachi. Leo watu wa Gazi, ambao wengi ni Wadigo, ni wavuvi na wakulima. Lakini wana habari nyingine inayostahili kusimuliwa, nayo ni habari ya miti.

Nilifika pwani maji yakiwa yamekupwa. Mzee mmoja alikuwa ameketi akishona wavu wake. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitika, “Marahaba, mwanangu. Ikiwa umekuja kutazama mikoko, vua viatu.” Basi nikavua, tukaenda.

Kwanza tulikanyaga uwanja mtupu uliong'aa kwa chumvi. Maji ya bahari huufikia wakati wa bamvua tu. Jua likiyakausha, chumvi hubaki, wala mti hauoti ila michu mifupi iliyodumaa. Mzee alichuma jani la mchu akaniambia nilirambe. Lilikuwa na chumvi, maana mti huu hunywa maji ya bahari ukaitoa chumvi kwa majani yake. Mbele yake ikafuata mikandaa, ambayo maganda yake hutoa rangi nyekundu. Kisha mikoko yenyewe, iliyosimama juu ya mizizi kama mtu aliyejiegemeza kwa magongo mengi. Na mwisho kabisa, penye maji, mililana, ambayo mafundi wa majahazi huitafuta kwa mataruma.

Matopeni kulikuwa na watu wake. Kaa madume walipunga gando moja kubwa, tondo walitambaa wakila majani yaliyoanguka, na samaki wadogo wenye macho ya kutokeza walirukaruka nje ya maji kama vyura. Kulastara alisimama kimya akingoja riziki yake. “Hapa ndipo watoto wa samaki na kamba wanapolelewa,” akasema mzee. “Ukikata miti hii, umevunja nyumba ya mama.”

Nikadhani msitu ule ni wa tangu zamani. Mzee akacheka. “Mahali hapa nilipaona mchanga mtupu.” Ndipo akanieleza. Serikali iliitangaza mikoko yote ya pwani kuwa msitu wake mwaka 1932, lakini kukata kwa ruhusa kuliendelea. Majahazi yalichukua boriti kwenda Arabuni, hata serikali ya Kenya ikakataza biashara hiyo mwaka 1982. Katika miaka ya 1970 miti ya Gazi ilikatwa kwa wingi ili iwe kuni za viwanda vya matofali na chokaa. Mahali pengine haikuota tena. Mawimbi yakala ufuo, na mvuvi akarudi na kapu jepesi.

Mwaka 1991 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yenye kituo hapo Gazi, walianza kupanda pamoja na wanakijiji. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini, ndefu kama fimbo. Huchomekwa topeni kwa mkono, moja moja. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianzisha mpango uitwao Mikoko Pamoja, wa kuhifadhi hekta 117. Miti hii huvuta hewa ya ukaa, na sehemu kubwa yake hufungwa ndani ya tope. Watu wa nchi za mbali hulipia kazi hiyo, na fedha huingia katika maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mpango huu ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Lakini tusidhani ya kuwa mambo yote ni mepesi. Tulipokuwa tukirudi tulikutana na kijana aliyetaka kuoa. Akamwambia mzee, “Babu, vitabu ni vizuri, lakini nyumba yangu nitaisimamisha kwa nini?” Mzee hakumkemea. Alimwonyesha mivinje iliyopandwa nchi kavu kwa ajili ya nguzo, akasema, “Ngoja hii ikue.” Kijana akajibu, “Na mchumba naye atangoja?” Sote tukacheka, lakini neno lake lilikuwa la haki. Msitu hauhifadhiwi na njaa. Mwenye kukatazwa mti mmoja hana budi kuonyeshwa mwingine.

Akina mama wa Gazi wamelijua hilo. Wamejenga daraja la mbao ndani ya mikoko, na mgeni hulipa kidogo ili apite na kupewa maelezo. Nililipa, nikapita, nikatazama maji yakijaa taratibu kati ya mizizi.

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Gazi waliona kinyume chake: wajenzi walikuwapo, miti ikaisha. Nawe mkulima wa bara usomaye haya, ukitazama kilima chako kilicho uchi, kumbuka ya kwamba msitu wa Gazi ulirudishwa kwa mikono ya watu, mbegu moja baada ya nyingine.