Nilizima Pampu Usiku

Nilimshutumu jirani yangu kwa kifo cha samaki niliowaua mwenyewe. Ninalisema hili hadharani kwa sababu nilimtukana hadharani.

Bwawa langu liko nyuma ya nyumba, hapa Morogoro mjini: mita 5 kwa 4, kina mita 1. Nilipandikiza vifaranga 200 vya sato. Niliwalisha pumba asubuhi na jioni, na kila Jumamosi nikamwaga ndoo ya samadi ya kuku, maana niliambiwa maji ya kijani ni chakula. Yakawa kijani kweli. Katikati nikafunga pampu ya kurusha maji juu, ya wati 100. Mchana kutwa maji yaliruka, wageni wakapiga picha. Jioni niliizima ili kubana uniti za umeme.

Asubuhi moja nikakuta sato 31 wanaelea. Wiki ileile wakafa wengine 17. Jirani yangu ni fundi pikipiki, na maji yake ya kuoshea hutiririka karibu na ukuta wangu. Sikuuliza. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba ananitilia sumu. Akanijibu, "Mzee, maji yangu hayapandi mlima." Kweli kiwanja changu kiko juu ya chake. Hasira ilinifichia mteremko ninaoushuka kila siku.

Akaja afisa ugani wa uvuvi, binti mdogo. Aliniamkia, kisha akauliza: waliokufa ni wakubwa au wadogo? Wakubwa. Na wale kambale wawili waliojipenyeza humo? Wazima. "Basi si sumu, mzee. Hawa wamekosa pumzi." Maji yakiishiwa hewa, samaki mkubwa ndiye hutangulia kufa, na kambale huweza kupanda juu akavuta hewa kama sisi. Akaniambia nizamishe mkono. Kiganja kilipotea machoni maji hayajafika kiwiko: ukijani umepita kiasi. "Kesho uamke saa kumi na moja alfajiri, uje na tochi."

Niliamka. Bwawa zima lilikuwa midomo. Sato walijipanga juu ya maji, wakihema.

Siku ile ndipo nilipoelewa. Ule ukijani ni mimea midogo mno. Mchana, kwa nguvu ya jua, huongeza oksijeni majini. Usiku huigeukia na kuivuta, pamoja na samaki na samadi inayooza chini. Ikikaribia kupambazuka, akiba imekwisha. Mimi nilikuwa nawapa hewa saa wanayo, nawanyima saa wanaililia.

Kuchagua mtambo mwingine hakukuwa kugumu tena, maana sasa nilijua unafanya kazi gani. Magurudumu ya kupigia maji ni ya mabwawa makubwa. Kwangu yangekoroga tope tu. Nilichukua pampu ya hewa ya wati 35 na mawe mawili ya kutoa viputo vidogo, kwa kuwa viputo vidogo hugusana na maji zaidi kuliko vikubwa. Muuzaji nilimtajia kina kwanza, kwani pampu dhaifu haisukumi hewa hadi mita 1. Mawe niliyaweka juu ya tofali yasichimbue tope. Pampu yenyewe niliipandisha juu ya usawa wa maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi ndani yake kupitia mpira. Inaunguruma saa 12 za usiku na kula uniti 0.42. Ile ya mapambo, kwa saa 12 za mchana, ilikula uniti 1.2.

Lakini binti alinionya kwamba pampu haifuti ulafi. Niliacha samadi, nikapunguza pumba, nikavua samaki hadi wakabaki 60.

Kwa fundi nilikwenda wakati wateja wake wapo, kama siku ile. Nilimwambia nilikosea, nikamweleza na sababu. Alifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, akanipa mkono.

Siku hizi kelele za pampu hazinisumbui; kinachoniamsha ni kimya. Nikisikia kimya najua umeme umekatika, nachukua ndoo, nachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yashuke na hewa. Fundi naye akisikia maji yakianguka usiku wa manane, huuliza kutoka ng'ambo ya ukuta: "Mzee, nije na ndoo yangu?"