Utulivu Mbele ya Damu

Mabaharia wa pwani ya Kilwa na Lindi wanajua kuwa wimbi la kuogopwa ni lile lizukalo bahari ikiwa shwari. Wapasuaji wa kifua nao wana wimbi lao: damu inayofoka wakati haikutazamiwa.

Zamani kifua kilifunguliwa kwa jeraha refu, na mbavu zikatanuliwa kwa chuma. Mwaka 1910, Hans Christian Jacobaeus, tabibu wa Uswidi, alieleza njia ya kuchungulia ndani ya kifua kwa mrija wenye taa. Siku hizi kamera na zana nyembamba hupitishwa katika matundu madogo baina ya mbavu. Mgonjwa huumia kidogo, na hurejea kwake mapema. Lakini kila faida ina deni lake. Mkono wa mpasuaji uko nje. Mshipa ukitoboka, damu huifunika kamera, na wote chumbani hupofuka.

Mshipa mkuu utokao moyoni kwenda mapafuni hupitisha kadiri ya lita 5 za damu kila dakika, na ukuta wake ni mwembamba. Hata hivyo, msukumo wa damu ndani yake ni kama sehemu moja ya tano ya ule upimwao mkononi. Humo ndimo ulimo wokovu. Shashi iliyokunjwa, ikikandamizwa kwa upole juu ya tundu, mara nyingi huizuia damu. Abanaye kwa koleo asichokiona huligeuza tundu kuwa mpasuko. Basi mpasuaji hukandamiza na kungoja dakika kadhaa. Damu ya akiba huletwa, na zana za kufungulia kifua huwekwa tayari. Kisha tundu hushonwa. Lisiposhoneka, kifua hufunguliwa, wala hapana aibu. Nahodha atuaye tanga katika dhoruba haitwi mwoga. Huitwa mwoga na abiria wapumbavu tu.

Kivinje ina hospitali yake ya Kinyonga, na Lindi ina Sokoine. Lakini kwa upasuaji mzito wa kifua mgonjwa hutafuta hospitali kubwa kama Muhimbili. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni kilomita 300 hivi, na Rufiji huvukwa kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Jamaa walio radhi kumtolea damu, wengi hubaki nyuma.

Methali husema damu ni nzito kuliko maji, na kwayo watu husifu undugu. Katika chumba cha upasuaji maana yake hupanuka. Damu imwokoayo mtu wa Kilwa yaweza kuwa ya mtu asiyemjua, asiye wa ukoo wala kabila lake, aliyenyosha mkono siku nyingi kabla ya kisu kushikwa. Mpasuaji hupata nafasi ya kutulia kwa sababu akiba ipo. Akiba ikikosekana, utulivu wake, ujapokuwa mkubwa, hauna cha kungojea.